Jicho Langu la Kushoto Halikuwa na Upako

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na sisi tuliochoka kusimama.

Naanza na siku yenyewe, maana nikianza na mengine mtasema nazunguka. Ilikuwa Jumapili mchana, katika ule ukumbi wa shule tunaoukodi pale Queensbury. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote. Uso wangu ulikuwa umevimba upande wa kushoto, hapa chini ya jicho, penye mfupa wa pua. Kivimbe kikubwa kama zambarau, kimeiva, kinapwita kama kina moyo wake. Siku tatu sikuwa nimelala. Homa ninayo, meno yananiuma, hata kufumba jicho ni kazi. Mzee Mwakisha, kiongozi wetu wa maombi, alikuwa ameniwekea kiganja. Hakukiweka kichwani, alikiweka usoni, na anasukuma. Watu wanaimba. Akasukuma tena. Na kile kivimbe kikapasuka.

Ndugu zangu, kilinipasukia mbele ya watu! Nilisikia moto, kisha nikasikia kitu cha uvuguvugu kinateremka shavuni mpaka kwenye kola ya shati. Usaha. Usaha na damu. Harufu yake niliinusa mimi mwenyewe. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akaficha uso kwenye nguo ya mamake. Na kanisa langu, kanisa nililolipenda kuliko nyumba yangu, likapiga vigelegele!

Mzee Mwakisha akanyakua maikrofoni. "Mafuta! Ni mafuta hayo! Kisima kimefurika!"

Mama Pasta akaja mbio na kitambaa cheupe. Akanipangusa. Halafu akakikunja kile kitambaa taratibu, kona kwa kona, akakitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga. Hakukitupa. Alikuwa anakiweka akiba.

Kumbukeni huo mfuko. Nitaurudia.

Sasa nirudi nyuma. Mimi naitwa Crispus Mwandoe, Mtaita wa Wundanyi. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe mwandiko wangu. Naandika kwa simu, kwa vidole viwili. Ningependa kusema haya kwa mdomo, lakini maikrofoni nimenyimwa, na aliyeninyima nitamtaja. Hapa London kazi yangu ni kufagia uwanja wa mpira kule Wembley. Mechi ikiisha, watu wakishakwenda zao na furaha yao, sisi ndio tunaingia na mifuko, safu kwa safu, kiti kwa kiti. Nalala Queensbury, chumba cha juu, nyumbani kwa mama mmoja Mhindi, Mama Kusum, mjane, mzaliwa wa Mombasa. Kiswahili chake ni cha Makupa, kinakata kuliko changu.

Jicho lilianza kumwaga maji msimu wa baridi. La kushoto peke yake. Nikasema ni upepo, pale juu kwenye viti vya mwisho upepo unakula uso. Baridi ikaisha, maji hayakuisha. Asubuhi naamka kope zimegandana na tongotongo za manjano, mpaka nizilowanishe ndipo jicho lifunguke. Kazini kulikuwa na Mkongomani mmoja, kila akiniona anavua kofia. "Papa, nani amekufa tena leo?" Wenzake wanacheka. Mimi pia nacheka, ningefanyaje? Siku moja kwenye treni mama Mzungu alinipa karatasi ya kujifutia, akanishika mkono, akanipa pole kwa msiba nisiokuwa nao. Niliona aibu kumwambia ukweli. Nikasema asante.

Mnajua sisi tulivyolelewa. Mwanamume halii. Mwanamume analia siku ya kuzika mamake, na hata hapo anageukia ukutani. Sasa mimi nimegeuka mwanamume wa kulia kwenye basi, dukani, kwenye foleni. Nilikuwa natembea nimeinamisha kichwa kama mwizi.

Hapo ndipo aliponikuta Mzee Mwakisha.

Tulikuwa kwenye matanga ya ndugu mmoja wa ushirika wetu. Wanaume tumekaa safu moja, macho makavu, kila mtu anatazama viatu vyake. Mimi jicho langu linatiririka, kama kawaida yake. Mzee Mwakisha akaniangalia muda mrefu. Akahama kiti, akaja kukaa karibu nami.

"Ndugu, unalia hivi tangu lini?"

"Tangu baridi, Mzee."

"Jicho gani?"

"La kushoto tu."

Akashusha pumzi kama mtu aliyepata kitu kilichopotea. Akaniambia, kwa sauti ile yake nzito mnayoijua, kwamba jicho la kulia la mtu wa Mungu hutazama mbinguni, na la kushoto huililia dunia. Akaniambia kuna karama zinazoonekana na karama zilizofichika, na yangu ilikuwa imefichika chini ya aibu. Sijui alilitoa wapi. Hakuna mahali limeandikwa. Lakini mimi ni mtu wa darasa la saba, na yeye anasoma mistari bila kufungua kitabu. Nikaamini!

Jumapili iliyofuata nikawekwa mbele. Na jina nikapewa: Ndugu Kisima. Pasta Obadia akawaambia watu watazame: huyu hapa mwanamume anayelia bila haya, nyinyi mioyo yenu ni mawe. Watu walianguka magotini. Mama Pasta akaleta vitambaa, akawa ananifuta na kuvipeleka kwa wagonjwa wawekewe mwilini. Vitambaa vya machozi yangu vilifika mpaka Thamesmead, mpaka miji ya mbali. Tuliomba, tukaimba, tukafunga. Na kila siku tongotongo zinazidi.

Sasa sikilizeni, maana nitataja wenye makosa, na wa kwanza ni mimi. Nilipenda. Nasema mbele za Mungu, nilipenda! Jumamosi niko chini ya viti naokota chipsi zilizokanyagwa na vikombe vya bia, supavaiza hajui hata jina langu. Jumapili watu wazima wanasimama nikipita. Niliacha kujifuta. Nililiacha chozi lishuke mpaka kidevuni ili walio nyuma nao walione. Na kama limekawia, nilikuwa natikisa kichwa kidogo, hivi, ili lidondoke. Mungu anisamehe. Mtu akishaitwa kisima hataki kuonekana mkavu.

Halafu mama yangu akafa.

Nauli na karatasi havikuniruhusu, nikayatazama mazishi kwa simu, nimekaa kitandani kwangu Queensbury. Niliona jeneza, niliona dada zangu wameshikiliwa, niliona ule udongo wetu mwekundu. Jicho la kushoto likawa linatiririka, vilevile kama siku ya kufagia, vilevile kama siku ya kwenda dukani. Jicho la kulia halikutoa kitu. Nilijishika uso nikajiuliza: hivi ninalia? Haya ni machozi ya mama yangu au ni yaleyale? Sikujua! Ndugu zangu, kuna umaskini mwingi duniani, lakini ule wa kutojua kama unamlilia mama yako, sijauona mwenzake.

Nikamwendea Pasta Obadia na hilo jambo. Nilitaka aniambie pole. Akaniambia, "Ndugu Kisima, machozi yako ni ya mataifa. Usiyapunguze kwa mtu mmoja." Mtu mmoja! Mama yangu.

Aliyenipa pole alikuwa Mama Kusum. Alinikuta kwenye ngazi, akaniletea chai ya tangawizi, akaninyooshea kidole.

"Wewe Mtaita, hebu geuka huku kwenye mwanga. Hilo si chozi la uchungu. Ukilia kwa uchungu pua yako huwaje?"

"Hutoka kamasi, mama."

"Sasa vuta pumzi. Upande huo wa kushoto kuna kamasi?"

Nikavuta. Kukavu. Nikakumbuka kwamba tundu la kushoto sijalipenga tangu jicho lianze.

"Basi!" akasema. "Chozi lina mlango wake wa nyuma, unatokea puani. Wako umeziba, maji yanamwagikia kizingitini. Mimi nilikuwa hivyohivyo miaka ile. Wakapita ndani ya pua wakafungua. Njoo, tazama, waona kovu?" Akanisogezea uso wake wa miaka sabini na kitu. Kovu sikuliona. Niliona wanja tu.

"Nenda kwa daktari wa mtaa akuandikie barua. Na usiniletee ukaidi. Mpishi wetu Mombasa alikuwa Mtaita, najua kichwa chenu."

Nikaenda. Daktari wa mtaa akabonyeza pale kwenye kona ya jicho na uchafu ukarudi juu. Akaandika. Baada ya miezi, barua ya hospitali ikaja, ya kliniki ya macho, siku na saa imeandikwa. Nikafurahi, nikafanya kosa. Nilimwonyesha Mzee Mwakisha.

Akaisoma. Akaikunja. Akaniuliza swali moja tu: "Utaziba kisima alichokichimba Bwana?"

Nikamwambia wanafungua, Mzee, hawazibi. Akasema ni yaleyale. Akasema, na huyo aliyekutuma, si ni mwanamke wa sanamu? Jumapili Pasta Obadia akainyanyua ile barua mbele ya watu, akasema shetani naye ana posta yake. Watu wakacheka. Akanipa barua mkononi. Hakuniambia ipasue. Pasta Obadia ni mtu mwerevu, hakuniambia. Alinipa tu, na ukumbi mzima ukaniangalia. Nikaipasua kwa mikono yangu hii. Vipande vinne. Makofi yaliyopigwa siku ile nayasikia hadi leo. Siku ya kliniki ilipofika nilikuwa kwenye maombi ya kufunga. Hospitali wakaandika kwamba sikutokea, wakanitoa kwenye foleni.

Ndiyo njia iliyonifikisha kwenye ile Jumapili ya kivimbe. Maji yaliyokaa yakaoza, kama maji yoyote.

Siku ile baada ya kupasuka, hakuna aliyenipeleka popote. Walinipa soda nikae pembeni, waendelee. Nilitoka peke yangu, nimeshikilia shavu na mkono wa koti. Mama Kusum akafungua mlango, akanitazama.

"Nani amekupiga?"

"Sikupigwa, mama. Niliombewa."

Akavaa koti juu ya sari, soksi ndani ya kandambili, akanishika mkono kama mtoto mpaka kituo cha basi. Ndani ya basi watu walihama viti kwa ajili ya harufu. Yeye hakuhama. Tukakaa idara ya dharura masaa mengi, na alikuwa ananigombeza muda wote, na sijawahi kusikia magomvi matamu kama yale. "Huyo Mungu wako hana hospitali? Madaktari wote hawa kawaumba nani, jirani yangu?"

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko binti yangu. Akaniuliza jicho lina muda gani. Nikasema miaka mitatu. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza tena kama nimeelewa swali. Nikasema nimeelewa. Akaniambia usaha ulitafuta njia, ukatokea nje kwenye shavu. Ungetafuta njia ya ndani, nyuma ya jicho, ningelipoteza jicho, na pengine kichwa chenyewe. Aliyasema polepole. Mama Kusum akanitafsiria tena, ingawa nilikuwa nimeshaelewa, ili aninyooshee kidole.

Wakanilaza. Dripu mkononi, dawa kila baada ya masaa. Ushirika wangu haukuja. Niwe mkweli, simu ilikuja moja, ya Mama Pasta. "Ndugu Kisima, utakuwa umetoka kufikia Jumapili? Tuna wageni kutoka Coventry." Nilikata.

Uvimbe uliposhuka, wakaniambia lazima sasa njia ifunguliwe, la sivyo utarudi. Nikaogopa. Nilidhani watanipasua uso. Daktari mkubwa, mwanamume mpole mwenye ndevu, akanichorea kwenye karatasi: hili jicho, hiki kifuko ambapo chozi linangoja, hii pua. Kati ya kifuko na pua kuna ukuta mwembamba wa mfupa. Wanaingia kwa tundu la pua na kifaa chembamba kama penseli chenye taa na kamera, wanafungua kidirisha kidogo kwenye ule ukuta, wanaacha mrija laini kama uzi ili kidirisha kisijifunge. Usoni hawagusi. Nikamuuliza, "Halafu nalala hapa siku ngapi?" Akasema, "Jioni unaweza kuwa nyumbani kwako, ukiwa na mtu wa kukuangalia." Mama Kusum akainua mkono kama mwanafunzi.

Asubuhi ya siku yenyewe niliomba. Nataka mlijue hilo, maana wengine wanasema niliacha imani mlangoni mwa hospitali. Niliomba nikiwa nimevaa lile gauni lao linalofungwa mgongoni. Nikasema: Bwana, mtu wa kwanza ulimpulizia uhai puani. Pitia njia hiyohiyo tena. Wakanipa nusukaputi. Nilipoamka kulikuwa na pamba puani na ladha ya damu. Uso mzima! Hakuna kidonda kipya. Kovu ninalo moja tu, lile la Mzee Mwakisha.

Walinikataza kupenga kamasi wiki mbili. Wiki zikapita, mrija wakautoa, kitu kidogo kiasi kwamba nilicheka. Halafu daktari akachukua bomba dogo, akapitisha maji ya chumvi kwenye kona ya jicho langu. Zamani daktari wa mtaa alipobonyeza hapo uchafu ulirudi juu. Safari hii nilingoja maji yashuke shavuni, hayakushuka. Nikasikia chumvi kooni.

Chumvi, ndugu zangu! Kooni! Nikameza. Nikamwambia daktari, "Chumvi," na yeye akasema, "Vizuri." Hapo ndipo nilipookolewa. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na maikrofoni. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye glavu na bomba dogo la maji ya chumvi.

Nilitoka nje nikakaa kituo cha basi. Nikafungua simu, nikaitafuta ile video ya mazishi ambayo sikuwa nimeigusa tena. Jeneza, dada zangu, udongo. Nikalia. Macho yote mawili. Na pua zikajaa, kulia na kushoto, kamasi zikanitoka kama mtoto. Basi zilipita tatu sikupanda hata moja. Hayo, ndugu zangu, ndiyo yalikuwa machozi ya mama yangu. Yalikuja yamechelewa mwaka na nusu, na kuna watu waliyachelewesha.

Nilirudi kanisani na jicho kavu. Mzee Mwakisha akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anakagua mbuzi. "Umekauka," akasema. Basi. Nikaomba dakika tano za kushuhudia. Pasta Obadia akacheka kidogo, akaniambia, "Ushuhuda wa hospitali ukautolee hospitali." Siku hiyo nikajua jina langu halikuwa Crispus wala Ndugu. Lilikuwa Kisima, na kisima kimekwisha. Wale waliokuwa wanasimama nikipita, sasa nikikutana nao kituo cha Wembley wanasoma ratiba ya treni.

Hayo ningeyameza. Mimi ni mtu mzima, nimemeza mengi. Naandika kwa ajili ya mtoto.

Dada Mkawasi mnamjua, yule mama mwenye kitoto cha miezi mitano, Eliza. Eliza tangu azaliwe jicho lake moja linatoa maji na tongotongo. La kushoto. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Nikamwona Mzee Mwakisha amemnyanyua yule mtoto juu kwa mikono miwili. "Kisima kimehama!" Vigelegele. Na Mama Pasta akaja na mfuko wa plastiki. Nikaujua. Akatoa kile kitambaa, kimekauka, kina madoa ya kahawia, usaha wangu na damu yangu, akampangusia Eliza jichoni.

Niliona kwa macho yangu yote mawili. Nilipiga kelele. Vijana wa ulinzi wakanitoa.

Nikaenda kuuliza hospitali. Nesi akaniambia watoto wengi huzaliwa na kijimlango hicho kimefungwa, na mara nyingi hufunguka chenyewe kabla ya mwaka. Mama anafundishwa kukanda pale kwenye kona kwa kidole safi. Hakuna karama, hakuna laana. Lakini akaniambia, kona ikivimba na kuwa nyekundu, au mtoto akipata homa, si jambo la kungoja hata siku moja. Nikamvizia Dada Mkawasi nje, anasukuma kigari.

"Dada, mpeleke."

"Kaka Crispus, Mzee amesema nisilitie mkono. Kwamba wewe uliziba chako kwa sababu ya wivu."

"Wivu wa nini, dada? Wa usaha?"

Akageuza kigari. Lakini kabla hajageuza niliona. Kona ya jicho la Eliza ilikuwa imeanza wekundu. Hiyo ni leo, Jumapili, saa saba mchana. Nimekaa hapa kwenye benchi la bustani mbele ya ukumbi, ndani wanaimba, na haya nayatuma kwa kila namba niliyonayo ya ushirika.

Kule kwetu Taita wazee wa zamani walikuwa na desturi ya kutasa. Mtu aliyekasirishwa na ndugu yake hakuruhusiwa kukaa na hasira kifuani, maana waliamini hasira iliyofungiwa ndani inawatia watoto ugonjwa. Alichukua maji mdomoni, akayapuliza nje, akasema neno lake mchana kweupe. Pasta Obadia anauita upagani. Haya. Mimi nimeokoka, sipulizi maji. Lakini mtoto anaugua, na neno langu nalisema.

Dada Mkawasi, toka nje. Usingoje baraka ya mwisho. Mama Kusum yuko hapa kando yangu, amevaa koti na kandambili zake, anakwambia kwa Kiswahili cha Makupa kwamba atakushikia kigari. Mtumaini Mungu, dada yangu, wala usimwogope. Yeye haoni wivu daktari akifungua alichokiumba. Mimi ni shahidi, nimeionja chumvi.

Na nyinyi mlio ndani, mnaosoma haya kwa simu chini ya viti, namshukuru Mungu kwa ajili yenu, maana mlinipigia makofi kwa upendo. Sina neno nanyi, ila hili moja: msipige tena kabla hamjauliza ni nini kinachotoka.

Mzee Mwakisha, nakutaja. Pasta Obadia, nakutaja. Mama Pasta, nakutaja. Barua niliipasua mimi, hilo nitalijibu mimi. Kiganja kilichonipasua uso, mtajibu nyinyi. Mama yangu niliyemzika bila kujua kama nalia, mtajibu nyinyi. Jicho la Eliza mtalijibu leo. Kesho sitaki kuisikia.

Chukueni ule mfuko wa plastiki. Uleteni mbele, palepale niliposimama. Ufungueni. Kipitisheni kitambaa safu kwa safu, kiti kwa kiti, kila mtu anuse. Halafu, Mzee Mwakisha, shika maikrofoni mliyoninyima, uwaambie watu hao tena kwamba ni mafuta.

Niko nje. Nasubiri.